MAKAZI: Namna ya kuhuisha chumba cha kulala kwa rangi na mbao za urembo bila gharama kubwa

WATU wengi wanapoamua kukarabati nyumba huanzia sebuleni, kwa kuwa ndiko wanakoketi wageni. Chumba cha kulala husahaulika. Humo ndimo binadamu hupitisha takriban thuluthi ya maisha yake, ndimo mtoto mchanga hulazwa na ndimo mgonjwa huuguzwa, ilhali kuta zake aghalabu husalia na rangi ile ile iliyopakwa nyumba ilipojengwa, ikiwa imejaa alama za mikono, masizi ya taa na madoa ya mvua za miaka iliyopita.

Kubadilisha sura ya chumba hicho hakuhitaji kubomoa ukuta wala kununua kitanda kipya. Mikebe michache ya rangi na futi kadhaa za mbao nyembamba za urembo hutosha. Hata hivyo, wanaofikiri kwamba gharama ya kazi hii imo katika rangi wenyewe hukosea hesabu. Fedha nyingi hupotea pale rangi nzuri inapopakwa juu ya ukuta usiokuwa tayari kuipokea, ikabambuka kabla ya mwaka kumalizika na kumlazimu mwenye nyumba kurudi dukani. Tena kuna hasara isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni vumbi la rangi kuukuu linalokwanguliwa chumbani ambamo watoto watalala usiku huo huo.

Kwa hivyo, kabla ya kuulizia bei ya rangi, ukuta hupimwa kwanza kama mgonjwa. Jambo la kuangaliwa ni unyevu. Dalili zake ni rangi iliyovimba, madoa ya manjano, kuvu nyeusi kwenye kona, au unga mweupe unaotoka ukutani kama chumvi. Mtu asiyejua chanzo cha unyevu huo anaweza kukitambua kwa njia rahisi. Hukata kipande cha karatasi ya foili ya kufungia vyakula, chenye upana wa mkono mmoja hivi, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne na kukiacha kwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa foili unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana upande unaotazama chumba, ni mvuke wa pumzi na wa mapishi uliokosa pa kutokea.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mfuko. Unyevu wa mvuke, ambao ni wa kawaida katika maeneo ya baridi kama Limuru na Kericho miezi ya Juni na Julai, hutibiwa kwa kufungua madirisha na kuacha nafasi kati ya kabati na ukuta. Unyevu unaotoka ukutani hautibiwi kwa rangi ya aina yoyote, hata ile inayouzwa kwa sifa ya kuzuia maji. Pengine ni bomba la bafu la jirani linalovuja, mfereji wa paa ulioziba, au udongo wa nje uliorundikwa hadi ukapita usawa wa sakafu. Katika nyumba nyingine fundi aliruka ile tabaka ya kuzuia maji inayopaswa kuwekwa juu ya msingi, na maji ya ardhini yakawa yanapanda kwenye mawe kama mafuta yapandavyo kwenye utambi. Shimo la maji likizibwa kwanza, ukuta ukaachwa ukauke, mkebe mmoja wa rangi utafanya kazi ambayo mikebe mitano isingefanya.

Pwani kuna tatizo lake. Kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, au kupigwa plasta yenye mchanga wa baharini usiooshwa vyema, hutoa chumvi. Chumvi hiyo husuguliwa kwa brashi kavu na kufagiliwa, wala haioshwi kwa maji, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ukutani.

Mafundi wa zamani wa Lamu walilijua jambo hili vyema. Majumba ya mawe ya karne ya 18 katika mji huo, ambao uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, yalipigwa plasta ya chokaa inayoruhusu ukuta kupumua. Chumba cha ndani kabisa kilipambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu na kuzungushiwa nakshi zilizochongwa kwenye plasta yenyewe. Urembo wa ukutani, kwa hivyo, si jambo geni lililoletwa na majarida ya ng'ambo. Na anayemiliki nyumba ya aina hiyo hatendi haki akiipaka rangi nzito ya mafuta au kuipiga saruji juu ya chokaa. Maji yatafungiwa ndani na plasta itaanza kuanguka vipande vipande.

Nyufa nazo hutofautiana. Ufa mwembamba kama unywele ni wa plasta tu na huzibwa. Ufa unaopita kimshazari kutoka pembe ya dirisha, na ambao hupanuka na kufumba kufuatana na misimu, ni wa msingi. Huu huonekana sana katika maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi kama vile Embakasi na Athi River, kwa sababu udongo huo hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kuupaka rangi ni kuufunika kwa muda tu.

Plasta mpya ya saruji nayo huhitaji subira ya wiki nne hivi kabla ya kupakwa rangi ya mafuta. Saruji mbichi ina ukali unaoigeuza rangi ya aina hiyo kuwa kitu kinachoteleza mithili ya sabuni. Wapangaji wengi wanaohamia katika majengo mapya huona rangi ikibambuka mwezi wa tatu wakamlaumu mtengenezaji wa rangi, kumbe mwenye jengo alikuwa na haraka ya kodi.

Baada ya unyevu linafuata suala la rangi kuukuu. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi duniani walichanganya madini ya risasi katika rangi za mafuta, hasa zile za kung'aa za manjano, nyekundu na kijani, ili zikauke upesi na zisipauke. Madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba mtoto mdogo akiyameza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Huathiri ubongo unaokua, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Kenya ina kumbukumbu chungu ya madini hayo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, yalitoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu wala si katika rangi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, Kebs, sasa haviruhusu risasi katika rangi kuzidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja. Hiyo ni kinga kwa anayenunua rangi leo. Haimkingi anayekwangua rangi iliyopakwa miaka ya themanini au tisini kwenye milango, fremu za madirisha ya chuma na sehemu za chini za kuta. Rangi hiyo ikiwa bado imeshika imara, hakuna haja ya kuitoa. Husuguliwa kidogo ili rangi mpya ishike, kisha ikafunikwa. Ikiwa inabambuka, hulowanishwa kwa maji kabla ya kukwanguliwa ili isitoe vumbi. Haichomwi kwa moto, wala haipigwi msasa mkavu. Watoto na wajawazito hukaa mbali siku hiyo, magodoro na nguo hutolewa, na mabaki hukusanywa kwenye gazeti kuukuu na kufungwa, badala ya kufagiliwa hadi uani wanakocheza watoto. Sakafu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji mara mbili. Kazi hii haigharimu chochote zaidi ya saa chache, na hakuna sehemu nyingine ya ukarabati iliyo na faida kuizidi.

Kuvu hutolewa kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, dirisha likiwa wazi. Dawa hiyo haichanganywi kamwe na asidi ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Ukuta ukishakauka, matundu ya misumari na nyufa ndogo huzibwa kwa fila, husuguliwa kwa msasa laini na kupanguswa. Hapo ndipo safari ya dukani huanza.

Hesabu ya rangi si ya kubahatisha. Mathalani, chumba cha futi 10 kwa 12 chenye kimo cha futi 8 kina mzingo wa futi 44. Kuta zake, baada ya kuondoa mlango mmoja na dirisha la futi nne kwa nne, zina eneo la futi mraba 315, ambazo ni takriban mita mraba 29. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita mraba 10 kwa mkono mmoja katika ukuta laini. Mikono miwili, kwa hivyo, huhitaji karibu lita sita, na dari huhitaji zaidi kidogo ya lita mbili. Ukuta wenye plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Anayejua hesabu hii hawezi kuuziwa ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja, ingawa ni kweli kwamba bei ya kila lita hushuka kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa. Majirani wawili au watatu wanaotaka rangi moja wanaweza kununua ndoo pamoja na kugawana.

Rangi ya bei ya chini kabisa aghalabu huwa nyepesi, na ukuta huhitaji kupakwa mikono minne ili alama za zamani zifichike. Mnunuzi akijumlisha mikebe na ujira wa siku za ziada hugundua kuwa ya bei ya wastani ingekuwa nafuu. Mwenye nyumba anayeajiri fundi hufanya vyema kununua rangi mwenyewe, kuangalia alama ya ubora ya Kebs, na mkebe ufunguliwe akiwapo. Rangi kuongezwa maji kupita kiasi ni hila ya tangu jadi, na haionekani hadi ukuta unapopanguswa kwa kitambaa na rangi ikaja nacho.

Je, ni rangi ipi ifaayo? Chumba kidogo chenye dirisha moja na balbu moja hunufaika na rangi nyepesi kama krimu, nyeupe iliyopoa au kijani kibichi cha mbali, kwani hurudisha mwanga. Dari nyeupe huongeza mwanga kuliko kitu kingine chochote. Chumba kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri, na rangi nyekundu au ya machungwa humfanya anayelala humo ahisi joto hata jua likishatua. Rangi inayong'aa sana huonyesha kila kombo la plasta. Isiyong'aa huficha, ila ni vigumu kuiosha.

Mgongano huo kati ya kuficha na kuosha ulipatiwa suluhu zamani, na kila Mkenya aliyeketi darasani au kwenye foleni ya zahanati ameiona. Ukuta hugawanywa mara mbili: chini, hadi usawa wa kiuno, hupakwa rangi ya mafuta ya kahawia au kijivu inayoweza kusuguliwa kwa sabuni, juu hupakwa krimu. Wengi wameidharau namna hii kwa kuihusisha na majengo ya serikali. Hata hivyo, mantiki yake ni ile ile inayosifiwa leo na wapambaji wa nyumba. Migongo, viatu vya watoto na kingo za kitanda huchafua sehemu ya chini. Sehemu ya juu haiguswi na mtu.

Katika chumba cha mfano uliotolewa, mstari ukipita futi tatu kutoka sakafuni, sehemu ya juu huhitaji mkebe mmoja tu wa lita nne kwa mikono miwili. Ya chini huhitaji zaidi kidogo ya lita mbili, na ni hiyo pekee inayostahili rangi ghali ya kuoshwa. Kinachobadilisha mgawanyo huo kutoka sura ya darasa hadi sura ya chumba cha kulala ni uteuzi wa rangi, kwa mfano samawati iliyokolea chini na nyeupe juu, pamoja na ukanda wa mbao unaofunika mahali rangi mbili zinapokutana.

Ukanda huo ndio urembo wenye faida kubwa kwa fedha kidogo. Huficha mstari uliopinda, huzuia viti na kitanda kukwaruza plasta, na huupa ukuta mtupu umbo. Chumba hicho huhitaji futi 41 baada ya kuondoa mlango, na futi nne za ziada kwa ajili ya vipande vinavyopotea kwenye kona. Asiyeweza kumudu zote huweka kwenye ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, na haionekani kama upungufu.

Mbao za saiprasi ndizo rahisi kupatikana, na karakana za seremala, iwe Gikomba au kituo chochote cha biashara mashambani, huwa na vipande vyembamba vilivyosalia ambavyo huuzwa kwa bei ya chini au kurandwa kwa ujira mdogo. Sharti ziwe zimekauka. Ubao mbichi husinyaa ukiwa tayari ukutani, na kila kiungo hufumuka. Mbao za MDF huja zikiwa laini na zimenyooka, lakini hufura kama mkate zikikutana na unyevu, kwa hivyo hazifai kwa skatingi ya chumba cha chini kinachopigwa deki kila asubuhi. Konisi za plastiki nyepesi zinazobandikwa darini ni rahisi kuweka, ila hushika moto upesi na hazifai nyumba inayotumia mshumaa au koroboi. Zile za jipsamu haziungui kwa urahisi, ingawa huhitaji fundi.

Mstari wa kuweka ukanda haupimwi kutoka sakafuni, kwa kuwa sakafu nyingi zimeinama. Mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, wakaweka alama pale maji yanapotulia katika ncha zote mbili, kisha wakavuta uzi uliopakwa chaki. Ubao hupakwa rangi kabla ya kuwekwa, pande zote pamoja na mgongo, ili usinywe unyevu wa ukuta na usivutie mchwa. Kwenye kona ubao hukatwa kwa nyuzi 45. Kuta za mawe hazipokei misumari ya kawaida. Hutobolewa kwa keekee, vikatiwa plagi na skurubu, au hutumiwa gundi nzito ya ujenzi pamoja na misumari michache ya chuma kigumu ya kushikilia hadi gundi ikauke.

Kuna jambo ambalo wapambaji hulisahau. Nafasi kati ya ubao na ukuta, hata iwe nyembamba kama kadi, ni makao mema ya kunguni. Wadudu hao hupenda kujificha karibu na kitanda, na ukanda uliowekwa kichwani pa mlalaji bila kuzibwa ni sawa na kuwajengea nyumba. Kingo zote mbili, ya juu na ya chini, huzibwa kwa fila inayonyumbuka, ikalainishwa kwa kidole chenye maji na kupakwa rangi. Mwenye chumba ambacho tayari kina kunguni huwaangamiza kwanza.

Mpangaji ana mipaka yake. Mikataba mingi ya upangaji humtaka arudishe nyumba kama alivyoipata, na gharama ya kupaka upya hukatwa kwenye amana. Ni busara apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi na kuweka kumbukumbu ya rangi ya awali. Asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kuchora fremu kwa rangi pekee: hubandika utepe wa karatasi sambamba, akapaka kati yake rangi iliyokolea zaidi kwa upana wa inchi mbili, na kuung'oa utepe kabla rangi haijakauka kabisa. Kutoka mlangoni huonekana kama ukanda wa mbao, na siku ya kuhama hufutika kwa mikono miwili ya krimu.

Kazi yenyewe huenda kwa utaratibu wa kushuka, dari kwanza, kisha kuta, na mbao mwisho. Brashi hupita kwenye kona na kingo, rola ikafuata. Mkono wa pili hungoja wa kwanza ukauke, saa nne hivi kwa rangi ya maji na usiku kucha kwa ya mafuta, na zaidi wakati wa mvua. Wenye haraka wakati mwingine huingiza jiko la makaa chumbani ili kukausha kuta. Hilo ni hatari maradufu, kwa kuwa mvuke wa rangi ya mafuta na tapentaini huwaka, na hewa ya makaa huua mtu usingizini bila kumwamsha. Madirisha mawili yaliyo wazi hufanya kazi hiyo bure. Aila hulala chumba kingine usiku mmoja au miwili, na zaidi ikiwa kuna mtoto mchanga au mwenye pumu.

Rangi inayosalia haimwagwi kwenye mtaro. Humiminwa katika chupa ndogo inayojaa hadi juu, kwani hewa iliyomo chomboni ndiyo huikausha, ikafungwa barabara na kuandikwa jina la rangi, nambari yake na chumba ilichopakwa. Mwaka ujao, kitanda kitakapokwaruza ukuta, robo lita hiyo itatosha.